Hesabu Mbele ya Watu: Asasi za Kiraia na Vita dhidi ya Rushwa katika Serikali za Majimbo na Wilaya

Utangulizi

Rushwa inapotajwa katika mahubiri na katika hotuba, mara nyingi hutajwa kama tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja: askari aliyepokea, mwuguzi aliyedai, karani aliyeficha jalada mpaka apewe chochote. Rushwa ya namna hiyo ipo, nayo humwumiza maskini kila siku. Lakini ipo nyingine ambayo mwananchi haioni, kwa kuwa haimjii kuomba kitu mkononi mwake, bali humpita njiani. Hii ni fedha iliyotoka hazina ikielekea shule, zahanati au barabara ya kijiji, ikapungua katika ofisi za jimbo na wilaya, hata ilipofika mwisho wa safari ikawa imekwisha.

Makala hii yakusudia kueleza jinsi asasi za kiraia zinavyoweza kupambana na rushwa hiyo ya pili. Kwa asasi za kiraia tuna maana ya vyama vya hiari, vyama vya wafanyakazi na wakulima, vikundi vya akina mama, jumuiya za dini na vyombo vingine ambavyo watu huviunda wenyewe nje ya serikali na nje ya biashara. Hoja yetu ni moja: rushwa ya ngazi hizi huishi katika nafasi iliyopo kati ya kile kilichoandikwa na kile kilichotendeka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya asasi ni kuvikutanisha viwili hivyo mbele ya macho ya watu.

1. Kwa nini ngazi ya kati?

Serikali kuu hutazamwa na Bunge, na magazeti ya mji mkuu, na wafadhili. Serikali ya kijiji hutazamwa na wanakijiji, ambao humjua mwenyekiti wao na nyumba yake. Serikali ya jimbo au wilaya imekaa katikati: iko mbali mno na mwanakijiji asiye na nauli, nayo ni ndogo mno kwa gazeti la mji mkuu. Tena mahali hapo diwani, mkandarasi na mtunza fedha hujuana, na pengine wameoleana.

Uganda inatupa mfano ulio wazi. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 katika shule za msingi 250 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, katika ruzuku ambayo serikali kuu iliitoa kwa ajili ya mahitaji ya shule, wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Sehemu kubwa ya iliyobaki iliishia katika wilaya. Wazazi wengi hawakujua hata kwamba ruzuku hiyo ilikuwapo. Na mtu hawezi kudai asichokijua. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 fungu lililofika shuleni lilikuwa limepita asilimia 80. Wapo wataalamu waliosema baadaye kwamba matangazo hayo hayakufanya kazi peke yake, kwa kuwa mageuzi mengine ya fedha na ya elimu yalikwenda pamoja nayo. Onyo hilo ni la haki. Hata hivyo mfano huu watufundisha kwamba giza lenyewe lilikuwa sehemu ya wizi.

2. Mabaraza ya wazi ya Rajasthan

Huko Uganda ni serikali iliyofungua daftari. Itakuwaje basi pale ambapo serikali haitaki kulifungua? Jibu lililo maarufu zaidi lilitoka katika jimbo la Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India. Mwaka 1990 wakulima na vibarua wa huko waliunda umoja ulioitwa Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani Umoja wa Nguvu ya Wafanyakazi na Wakulima. Miongoni mwa waanzilishi alikuwapo Aruna Roy, aliyekuwa ameacha utumishi wa serikali ili akaishi vijijini.

Madai ya umoja huo yalianza na ujira. Vibarua waliofanya kazi za umma wakati wa ukame walilipwa pungufu ya kima kilichowekwa na sheria. Walipouliza, waliambiwa kwamba hawakufanya kazi ya kutosha na kwamba daftari laonyesha hivyo. Walipoomba kuliona daftari, waliambiwa ni siri ya serikali. Hapo ndipo walipotambua kwamba haki ya ujira na haki ya kusoma hati ni haki moja.

Tarehe 2 Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, umoja ulifanya baraza lake la kwanza la wazi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Hati za malipo za kazi za kijiji zilisomwa kwa sauti: jina la kibarua, idadi ya siku, kiasi cha fedha, mifuko ya saruji, safari za lori. Kisha aliyetajwa aliulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Katika mabaraza hayo na yaliyofuata yalisomwa majina ya watu waliokwisha kufa na ya waliohama zamani, na majengo yaliyolipiwa yote lakini hayajakamilika. Mama asiyejua kusoma alikuwa shahidi kamili, kwa kuwa alijua kama alipokea au hakupokea.

Hati hizo zilipatikana kwa shida, kwa kuwa hapakuwa na sheria ya kuzidai, na watumishi wengi walikataa kuzitoa. Mwaka 1995 waziri mkuu wa jimbo aliahidi kwamba wananchi wataruhusiwa kupata nakala. Mwaka ukapita bila ahadi kutimizwa. Mwezi Aprili 1996 wanavijiji waliketi siku 40 katika mji wa Beawar wakidai agizo hilo, huku watu wa mjini wakiwaletea nafaka na mboga. Jimbo lilipata sheria ya haki ya habari mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005. Mwaka huo huo sheria ya ajira vijijini ikaagiza kwamba mikutano ya vijiji yenyewe ikague kazi zinazolipiwa.

3. Mbegu hiyo katika Afrika Mashariki

Utaratibu huo ulivuka bahari. Mombasa, shirika la haki za binadamu liitwalo MUHURI, lililoanzishwa mwaka 1997, lilijifunza kwa wanaharakati wa Rajasthan, likaanza kukagua pamoja na wananchi miradi ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge. Wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kupata habari. Ilipatikana mwaka 2016. Tangu mwaka 2013 Kenya ina serikali 47 za kaunti, na katiba ya mwaka 2010 yaagiza kwamba wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma.

Kwa upande wa Tanzania, Tume ya Jaji Warioba ilieleza mwaka 1996 jinsi rushwa ilivyoenea katika utumishi wa umma. Chombo cha kuipinga katika ngazi ya chini kilikuwapo tayari: sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wenye watu wazima wote. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ilifuata mwaka 2016. Kwa hiyo mara nyingi tunachopungukiwa si sheria, bali mtu wa kusimama katika mkutano na kuuliza, na jirani wa kusimama karibu naye.

4. Mipaka ya kazi hii

Hatuna budi kusema pia yale ambayo asasi haziwezi. Asasi yaweza kufichua, lakini haiwezi kushtaki, kuhukumu wala kurudisha fedha. Huko India mabaraza yamegundua hasara nyingi, lakini kiasi kilichorudishwa kimekuwa kidogo. Watu kadhaa waliodai habari waliuawa. Aulizaye swali katika wilaya ndogo humwuliza mtu anayeweza kumnyima mbolea, au kumhamisha mwanawe aliye mwalimu. Kwa hiyo si haki kumhimiza maskini aseme kisha kumwacha peke yake. Swali la hatari na liulizwe na wengi. Na mahali ambapo mahakama na mkaguzi wamelala, ufunuzi mtupu huzaa kukata tamaa.

5. Kanisa kama mojawapo ya asasi

Kanisa nalo ni asasi ya kiraia, tena yenye mtandao unaofika mahali ambapo vyama vingi havifiki. Lakini hapa liko swali gumu. Mwanasiasa ambaye hesabu za wilaya yake hazieleweki huja kwenye harambee, akatoa mamilioni, akapewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Baada ya hapo mchungaji atauliza nini? Nchini Kenya, mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi alizikataa fedha zilizotolewa na wanasiasa kanisani. Jambo hilo liligusa wengi kwa sababu lilikuwa geni.

Wanachama wa umoja wa Rajasthan walichagua kuishi kwa kima cha chini cha ujira, ili asiwepo wa kuwauliza, "Na ninyi mwapata wapi?" Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakukubali kuuchukua peke yake, alitaka wafuatane naye watu walioteuliwa na makanisa, ili asilaumiwe. Usharika usiosoma mapato na matumizi yake mbele ya washarika hauna mdomo wa kuidai halmashauri.

Hitimisho

Tumeona kwamba rushwa ya majimbo na wilaya haiondolewi kwa kulaaniwa tu. Hupungua pale ambapo tarakimu husomwa kwa sauti, mahali palipo na watu wanaojua ukweli wake, nao hawaogopi kwa kuwa hawako peke yao. Kuiandaa siku hiyo ni kazi ya asasi. Kuifuata kwa hukumu ni kazi ya dola. Yafaa basi kila mmoja wetu aanze na ubao wa matangazo ulio karibu naye: kuna nini juu yake, na ni nani aliyesoma?