PRAITORIO: HEMA LA JEMADARI

Wengi wetu hulikuta neno "Praitorio" katika Injili ya Marko, sura ya 15, tukalipita upesi kama jina la jumba fulani. Lakini asili yake si jumba, ni hema.

Zamani Warumi walimwita jemadari wao praetor, maana yake yeye atanguliaye, na hema lake vitani likaitwa praetorium. Polybius, Mgriki aliyeandika habari za jeshi hilo katika karne ya 2 K.K., aeleza kwamba kambi ilianza na hema hilo. Walichagua mahali panapoonekana vizuri na pafaapo kutolea amri, wakasimika bendera nyeupe. Kutoka hapo walipima futi 100 kila upande, na mraba huo ukawa wa jemadari. Njia na mahema mengine yote yalipangwa kwa kuufuata. Basi askari, hata akifika usiku katika nchi ngeni, alijua hema lake liko wapi, kwa sababu kambi ya leo ilikuwa sawa na ya jana. Tena mwenye habari za adui hakupoteza wakati kuuliza mkubwa yuko wapi. Na vita vingi vimeharibika kwa kuulizana hivyo.

Warumi walipokaa moja kwa moja katika nchi walizozishinda, jina lile lilihamia kwenye nyumba ya liwali, aliyetawala na kuamua kesi. Ndiyo sababu Pilato alikuwa na Praitorio mjini Yerusalemu. Neno letu "boma" limepita njia iyo hiyo: kwanza ua, kisha ngome, kisha ofisi ya Serikali. (Mji wa Pretoria ni habari nyingine, umeitwa kwa jina la Andries Pretorius.)

Walinzi wa hema nao walipata jina lake. Kaisari Augusto aliwafanya kikosi cha kudumu, na baadaye wakawekwa Roma yenyewe. Hapo mambo yakaharibika. Hema hung'olewa vita vikiisha, lakini walinzi hawa hawakuondoka. Mwaka 193 B.K. walimwua Kaisari Pertinax, wakakinadi kiti chake kama mbuzi mnadani. Didius Julianus alimwahidi kila askari sarafu 25,000, akapewa ukaisari. Alitawala siku 66 tu, naye akauawa. Kikosi hicho kilivunjwa na Kaisari Konstantino mwaka 312.