Chatu Aliyekonda Hapewi Mbuzi

Picha za namna hii huzunguka mara kwa mara kwenye simu za watu wa Kitui na Makueni: chatu amelala kando ya njia, katikati ya mwili ametuna kama gunia, na mwenye mbuzi amesimama hatua kumi nyuma akihesabu hasara. Ni picha za kweli. Chatu wa Afrika, ambaye hufika mita nne na kuzidi, humeza paa, pimbi, kanga, na mbuzi pia akimpata. Tatizo ni somo ambalo watu hulichukua kutoka kwenye picha hizo, kwamba nyoka ni tumbo tu, na mlo ukizidi kuwa mkubwa ndivyo anavyozidi kushiba na kunawiri.

Somo hilo huua nyoka waliookolewa.

Nyoka wa kuokolewa hafanani hata kidogo na yule wa pichani. Huyu ametolewa kwenye sanduku la mbao au pipa lililofunikwa, alikokaa miezi na mtu aliyekuwa akimwonyesha watu sokoni kwa malipo, au na kijana aliyemwokota angali mdogo akampenda bila kujua anakula nini. Nyoka mwenye afya ana mwili wa mviringo, ukimshika unajaa mkononi. Huyu mwili wake una pembe tatu: uti wa mgongo umechongoka juu kama kilele cha paa la mabati, na nyama za pande mbili zimeteremka. Ngozi ya ubavuni imekunjamana, ukiifinya inabaki imesimama. Macho yamezama. Kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili wote.

Kichwa hicho ndicho kinachowadanganya watu. Taya za nyoka zimeungana kwa kano zinazovutika, kwa hiyo hata aliyebaki mifupa anaweza kumeza panya mnene kumliko yeye. Mdomo utakubali. Tumbo halitakubali, na mwenye huruma atajua hivyo siku tatu baadaye atakapokuta panya ametapikwa, ameoza nusu, na nyoka amelegea kuliko alivyokuja.

Kwa nini iwe hivyo kwa mnyama aliyeumbwa kula mara chache? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 2007 Marshall McCue, wa Chuo Kikuu cha Arkansas nchini Marekani, alichapisha matokeo ya utafiti juu ya nyoka wa aina tatu, mmoja wao akiwa chatu mdogo wa Afrika Magharibi. Walikaa bila chakula hadi siku 168. Wapo waliopunguza nguvu wanazotumia mwilini kwa hadi asilimia 72. Yaani mwili ulizima karibu kila kitu kisichohitajika, ukaishi kwa akiba ya mafuta, kisha ukaanza kujila wenyewe.

Chakula kinapoingia, kila kilichozimwa lazima kiwashwe upya. Stephen Secor na wenzake, waliosoma chatu wa Burma kwa miaka mingi, walionyesha kuwa baada ya mlo mkubwa, matumizi ya nguvu ya nyoka huyo huweza kupanda hadi mara 44 ya yale ya kawaida. Utumbo mwembamba hukua hadi uzito wake kuongezeka maradufu. Mwaka 2005 watafiti waliripoti katika jarida la Nature kwamba hata moyo huongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48. Kazi yote hiyo huanza kabla nyoka hajapata faida yoyote ya alichomeza, na gharama yake hutoka kwenye akiba iliyomo mwilini.

Anayepika muthokoi anaijua hesabu hii. Kuni hutangulia, tena nyingi, ndipo mahindi yaive. Chatu mnene ana kuni za kutosha kupika sufuria kubwa. Aliyekonda ana vijiti vitatu. Ukimtwika sufuria hiyohiyo, moto utazimika chakula kikiwa kibichi, na ndani ya nyoka chakula kibichi ni chakula kinachooza.

Hatari haiishii tumboni. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi kwa ghafla, madini ya fosforasi na potasiamu hukimbilia ndani ya seli, damu ikabaki nayo kidogo, na moyo ukayumba. Kwa binadamu jambo hili lilionekana waziwazi mwaka 1945, pale baadhi ya wafungwa waliokombolewa kutoka kambi za Wanazi walipokufa baada ya kupewa vyakula vizito na askari waliotaka kuwasaidia. Ndiyo maana hospitali zetu, mtoto mwenye utapiamlo mkali anapolazwa, hazianzi na uji mzito. Huanza na maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100, kwa vipimo vidogo vya kurudiarudia. F-100 hufuata mtoto akishatulia. Mama aliyekaa wodini na mtoto wa namna hiyo hahitaji kufafanuliwa zaidi kuhusu chatu.

Kwa hiyo siku ya kwanza nyoka hapewi chakula. Anapewa maji. Beseni la maji vuguvugu yasiyozidi nusu ya kimo cha mwili wake, dakika 20 hadi 30, mtu akiwa pembeni muda wote kwa sababu nyoka dhaifu huweza kuzama kwenye maji yanayoonekana machache. Zoezi hilo hurudiwa kesho yake, na maji safi ya kunywa hayaondoki chumbani. Kisha joto: upande mmoja wa makazi uwe na nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, mwingine uwe na ubaridi kidogo ili achague mwenyewe. Nyoka hana joto lake la ndani la kupikia chakula. Katika asubuhi za baridi za mwezi wa Julai, Wote au Mwingi, hata mlo mdogo unaweza kukwama tumboni iwapo chumba hakina chanzo cha joto.

Halafu mizani. Ile ya kidijitali ya jikoni inatosha kwa nyoka mdogo. Nyoka hutiwa ndani ya foronya, foronya hufungwa na kupimwa, kisha uzito wa foronya tupu hutolewa. Tuchukue chatu mchanga aliyepimwa hivyo akakutwa na kilo 1.2, ingawa urefu wake unaonyesha alipaswa kukaribia kilo mbili. Hesabu hufanywa kwa uzito alionao leo, si ule anaostahili kuwa nao. Wafugaji wengi wenye uzoefu huanza na asilimia tatu hadi tano ya uzito huo. Asilimia tano ya gramu 1,200 ni gramu 60.

Gramu 60 ni kitu gani? Panya mdogo wa darini ana gramu 20 hivi, kwa hiyo wawili ndio mlo mzuri wa kwanza, na watatu ndio mwisho. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 au karibu na hapo, naye anafaa. Lakini panya mkubwa wa ghalani huweza kufika gramu 200, ambayo ni sehemu ya sita ya mwili mzima wa chatu huyu. Mtu anayemtupia panya huyo hufikiri anampa kitafunio. Ile kanuni maarufu kwamba windo lisizidi unene wa mahali panene zaidi pa nyoka nayo inasaidia hapa, mradi kipimo kiwe kiwiliwili kilichokonda, si kichwa.

Baada ya mlo, nyoka haguswi kwa siku mbili au tatu. Mlo wa pili husubiri siku saba hadi kumi, na ikiwezekana husubiri kinyesi, ambacho ni ushahidi kwamba njia imefunguka. Milo mitatu ikipita bila kutapika, kiasi hupandishwa taratibu hadi asilimia saba au nane, kisha kumi. Akitapika, chakula husimamishwa kwa wiki mbili, maji yakiendelea, na anaporudi hupewa nusu ya mlo uliomshinda. Akitapika tena, hilo si suala la kipimo. Anahitaji daktari wa mifugo anayeweza kukagua minyoo, vidonda vya mdomoni na magonjwa ya mapafu. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, na daktari wa kaunti anaweza kuwauliza wataalamu wa huko kabla ya kuandika dawa.

Chakula chenyewe kiwe mnyama mzima. Nyama ya kusaga haina mifupa ya kumpa kalisiamu wala maini ya kumpa vitamini, na maziwa, ambayo wengi huamini nyoka huyapenda, hayamfai kabisa. Panya awe ameshakufa, kwa sababu panya hai humng'ata nyoka asiye na nguvu ya kujitetea. Asiwe panya aliyekufa kwa sumu ya dukani. Nyumba nyingi hutega sumu hiyo, nayo humwingia nyoka pamoja na mlo.

Nyoka mwingine anayefaa kutajwa ni yule mfupi, mnene, mwenye mabaka ya rangi ya machungwa, anayejifukia mchangani katika maeneo makavu ya Kenya. Huzaa watoto hai, na ng'ambo anafugwa na maelfu ya watu, wakimwita kwa jina la nchi yetu. Dume mzima hana hata nusu mita. Huyu akiwa amekonda na kubaki gramu 80, asilimia tano yake ni gramu nne: kitoto cha panya ambacho manyoya ndiyo kwanza yanaota. Kwa macho ya mtu aliyezoea kulisha mbwa, mlo huo unaonekana kama dhihaka. Kwake ni mlo kamili.

Yote haya ni maarifa ya wanaoruhusiwa kuwatunza nyoka. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na chatu wa kwenye sanduku ni mnyamapori, hata kama amelelewa na mtu tangu utotoni. Mahali pake ni kwa maofisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), ambao wanaweza kumfikisha kwa watunzaji waliozoea, au kumrudisha porini akishapona. Nchi haijakosa uzoefu huo: Bustani ya Nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961, na kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu, kilianzishwa na James Ashe na mkewe Sanda mwaka 1980.

Kwa hiyo msomaji wa Mutomo, Ikutha au Makindu anayemjua nyoka aliyefungiwa mahali, na ampigie simu ofisa wa KWS aliye karibu. Wakati wa kumsubiri, ampe nyoka maji na kivuli chenye joto la wastani, asimpe chakula. Na juu ya sanduku abandike karatasi yenye mambo matatu: uzito wake kama umepimwa, alikula nini mara ya mwisho, na tarehe aliyokula. Atakayempokea ataanza hesabu yake kwenye karatasi hiyo.