Vinyonga, vyura na nyoka wanaozaa

Kinyonga mwenye pembe tatu wa Mlima Meru hatagi mayai kama wafanyavyo reptilia wengi, bali huzaa. Kitaalamu huitwa Trioceros jacksonii merumontanus, jina alilopewa mwaka 1958, na ni wa mlima huo ulio juu ya jiji la Arusha. Dume hutambulika kwa pembe moja ya puani na mbili zilizo mbele ya macho.

Jike hubeba mimba kwa takriban miezi mitano hadi sita. Siku ikifika, hutambaa matawini akiachia mtoto mmoja mmoja, kila mmoja amefungwa ndani ya utando mwembamba wenye ute. Utando hunata kwenye tawi au jani. Mtoto hujinyoosha, huupasua, hushika kijiti na kuanza kutembea. Tangu hapo hujitegemea, kwani mama hamlishi wala hamlindi.

Kinyonga wa nyanda za chini, Chamaeleo dilepis, hufuata njia nyingine. Jike huchimba shimo, hufukia humo mayai kwa makumi na kwenda zake, joto la udongo likimalizia kazi kwa miezi kadhaa. Kwenye miinuko ya Meru udongo ni wa baridi, na yai lililofukiwa humo lingekua polepole mno au lingeharibika. Mama anayebakiza mayai tumboni huweza kuyahamisha: asubuhi hupanda tawi lenye jua, akaota na kuwapasha joto watoto walio ndani yake. Uchambuzi wa vinasaba unaonyesha kuwa uzazi huu umejitokeza zaidi ya mara moja katika jamii ya vinyonga.

Kwa vyura, kuzaa ni jambo adimu zaidi. Duniani zipo spishi zaidi ya 7,000 za vyura, na karibu zote hutaga mayai yanayotoa viluwiluwi. Zinazozaa hazifiki asilimia moja, na sehemu kubwa ya hizo ni za Tanzania, katika jenasi ya Nectophrynoides. Mjerumani Gustav Tornier alieleza habari za vyura hawa mwaka 1905. Novemba 2025 watafiti wa nchi kadhaa, akiwamo Mtanzania John Lyakurwa, walitangaza spishi tatu mpya: N. uhehe, N. luhomeroensis na N. saliensis. Sehemu ya ushahidi ilitoka kwenye vielelezo vilivyohifadhiwa makumbusho kwa zaidi ya miaka 100, ambavyo vinasaba vyake sasa vinaweza kusomwa. Ilibainika kwamba vyura waliokuwa wakihesabiwa kuwa spishi moja ni wa spishi kadhaa, kila moja na milima yake.

Ufinyu huo wa makazi una hatari. Chura wa Kihansi, wa jenasi hiyohiyo, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu, Kihansi. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Urejeshaji ulianza 2012.

Baharini, kuzaa kumefungua makazi makubwa badala ya madogo. Nyoka wa baharini mwenye tumbo la njano, Hydrophis platurus, hufika hadi pwani ya Afrika Mashariki na huzaa majini, hivyo halazimiki kwenda nchi kavu. Mababu zake wa Australia walikuwa wakizaa tayari kabla ya kuingia baharini. Ngozi yake huvuta hadi theluthi ya oksijeni anayohitaji. Ilidhaniwa hunywa maji ya chumvi, lakini tafiti za Harvey Lillywhite na wenzake huko Costa Rica, zilizochapishwa 2014 na 2019, zilionyesha kuwa hukaa na kiu msimu wa kiangazi na kunywa maji ya mvua yanayoelea juu ya bahari kabla hayajachanganyika na chumvi.

Kwa wanaozaa milimani, joto linaloongezeka ni tishio. Utafiti ulioongozwa na Barry Sinervo, uliochapishwa 2010, ulikuta kuwa asilimia 12 ya makundi ya mijusi aliyoyachunguza Mexico yalikuwa yametoweka tangu 1975, na kwamba spishi zinazozaa zimo katika hatari kubwa zaidi. Jua likizidi, mjusi hujificha kivulini saa ambazo angekuwa anawinda, na jike mwenye mimba hukosa chakula cha kutosha. Kinyonga wa Meru anaweza kufuata baridi kwa kupanda, lakini hukoma pale miti inapokoma. Ndiyo maana kuhifadhi msitu wa mlima huo, kuanzia ukingo wa mashamba hadi mpaka wake wa juu, ni sharti la kumhifadhi.