Regyuleta Ikichoma Kidole, Chaji ya Betri Inapotea



Kazi ya kuchajia watu simu kwa betri ya gari na paneli ya sola imesaidia vikundi vingi vijijini. Vijana wenye mkono mwepesi hujitengenezea chaja wenyewe kwa regyuleta inayoitwa 7805. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, chenye miguu mitatu na kipande cha chuma chenye tundu juu. Mguu wa kwanza unapokea umeme wa betri, wa katikati ni wa hasi, wa tatu unatoa volti 5. Shida inaanza pale inapopata moto mpaka haishikiki.

Tujiulize: betri ina volti 12, simu inapata 5. Hizo 7 zimeenda wapi? Hazikuwekwa akiba popote. Zimegeuka joto ndani ya regyuleta.

Hesabu yake ni rahisi. Toa volti zinazotoka kwa zile zinazoingia, kisha zidisha kwa ampea. Simu ndogo ya vibonyezo ikivuta nusu ampea: 12 toa 5 ni 7, mara 0.5, unapata wati 3.5 za joto. Jua likiwaka na betri ikifika volti 14, joto linakuwa wati 4.5. Na msiunge 7805 moja kwa moja kwenye paneli, kwa maana paneli ya "volti 12" huweza kutoa 18 au zaidi, na joto litapanda tena.

Regyuleta hii ikiwa peke yake bila bamba, kila wati moja huongeza joto la ndani kwa nyuzi 65 hivi. Wati 3.5 ni nyuzi zaidi ya 220, juu ya zile 30 za mchana wetu huku Kisumu. Nayo isipite 125. Kwa hivyo inajizima, inapoa kidogo, inawaka tena. Mwenye simu anaona inachaji, haichaji, anaanza kulalamika. Usikimbilie kusema ati imeharibika. Inajiokoa tu.

Dawa ya kwanza ni bamba la alumini. Fundi wa jua kali atakukatia kipande cha sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 2. Kifunge kwa skurubu, upake grisi ya kupitisha joto katikati, halafu kisimamishe wima pahali penye upepo. Sasa kila wati inaongeza nyuzi 12 hivi tu, na zile wati 3.5 zinakufikisha karibu nyuzi 72. Hapo ni salama. Lakini ukifungia kila kitu ndani ya debe lililoanikwa juani, umejisumbua bure, hata uwe na bamba kubwa namna gani. Toboa matundu chini na juu, hewa ipite.

Angalieni pia kwamba chuma cha 7805 kimeungana na hasi, kwa hivyo regyuleta kadhaa zinaweza kukaa bamba moja. LM317 si hivyo. Chuma chake kimeungana na mguu wa kutoa umeme, lazima utie kizuizi cha maika na kishikizo cha plastiki kwenye skurubu. Na kwa chaja yoyote, tia fyuzi karibu na betri.

Wengine huweka resista mbele, tuseme ya omu 6.8 na wati 5. Inasaidia, maana regyuleta inabaki na wati 1.8 tu. Ila joto lenyewe halikupungua, limegawanywa.

Hapa ndipo pesa ya kikundi inapoingia. Kwa 7805, nusu ampea inayoingia kwa simu ni nusu ampea inayotoka kwa betri. Simu moja kwa saa mbili inakula ampea-saa moja. Betri ya ampea-saa 50, ambayo haifai kutumiwa kupita nusu, itachaji simu kama 25. Kumbe kuna regyuleta ya aina nyingine, inayokata umeme vipande vipande kwa kasi, kama LM2596 au ile iliyo ndani ya chaja za gari. Hiyo ingevuta robo ampea hivi kwa kazi ileile. Betri ileile, simu karibu 50. Kwa simu kubwa za siku hizi zinazotaka ampea 2, 7805 haifai kabisa. Kama ni ubao wa kurekebishwa, pima kwanza kwa mita uone volti 5 ndipo uunge simu.

Kwa redio, sisi bado tungechagua ile ya zamani. Aina ya kukatakata huleta mkwaruzo kwenye masafa ya AM, na redio ya volti 6 inayovuta ampea 0.1 kupitia 7806 inapoteza wati 0.6 tu. Hiyo haihitaji bamba, ingawa bado inaweza kukuchoma kidole.