Fahamu: Mwanamke mkulima katika picha za chapa za enzi ya Baroko

Picha nyingi za chapa za karne ya 17, wakati wa enzi ya Baroko, zilichorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha bamba likatiwa asidi iliyokula mistari hiyo, likapakwa wino na kukandamizwa juu ya karatasi. Kwa kuwa bamba moja lilitoa nakala nyingi za bei nafuu, picha hizo zilieneza mijini sura ya mwanamke mkulima wa Ulaya.

Sura hiyo haikuwa moja. Katika mkondo uliorithiwa kutoka karne ya 16, mwanamke huyo alifanyiwa dhihaka, akachorwa kama mlevi na mgomvi wa karamuni; lakini Adriaen van Ostade, msanii wa Haarlem nchini Uholanzi, katika chapa ya mwaka 1652 alimwonyesha akisokota uzi nje ya nyumba yake, na katika ile ya 1653 akiwa mezani na familia inayosali kabla ya kula. Jacques Callot, msanii wa Lorraine (sasa mashariki mwa Ufaransa), kwa upande wake, katika mfululizo wa picha 18 kuhusu maafa ya vita uliotolewa mwaka 1633, alionyesha askari wakivamia nyumba ya shamba, wakipora mali na kuwashambulia wanawake.

Ikumbukwe kwamba wachoraji na wanunuzi wengi walikuwa watu wa mjini. Hivyo picha hizi kwanza ni ushahidi wa mtazamo wao, kisha ndipo wa maisha ya mwanamke mkulima mwenyewe.