Corona: karibu nusu ya wagonjwa mahututi Afrika walifariki ndani ya siku 30, ukosefu wa vifaa ulichangia

Wagonjwa 6,779 wa Corona katika nchi 10 za Afrika waliombewa nafasi katika vyumba vya wagonjwa mahututi kati ya mwezi wa tano na mwezi wa kumi na mbili 2020. Waliopokelewa ni 3,752 tu, yaani zaidi kidogo ya nusu. Na kati ya wale waliopata kitanda na kufuatiliwa hadi mwisho, karibu nusu walifia hospitalini kabla ya kutimiza siku 30.

Hesabu hiyo ilitolewa na madaktari Waafrika wakiongozwa na profesa Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, na kuchapishwa katika jarida la kitabibu The Lancet mwezi wa tano 2021. Walifuatilia hospitali 64, zikiwemo za Misri, Ethiopia, Kenya, Nigeria, Msumbiji na Malawi. Kati ya wagonjwa 3,077 ambao mwisho wao ulijulikana, 1,483 walifariki. Hiyo ni asilimia 48.2, wakati wastani wa dunia kwa wagonjwa wa aina hiyo ulikuwa asilimia 31.5. Kwa maneno mengine, kwa kila wagonjwa 100, Afrika ilipoteza kati ya 11 na 23 zaidi ya mabara mengine.

Umri haukutosha kueleza tofauti hiyo, kwani wagonjwa hao walikuwa na wastani wa miaka 55 hivi. Ugonjwa wa kisukari, UKIMWI, maradhi ya ini na ya figo viliongeza hatari. Lakini watafiti walitaja sababu nyingine isiyo ya mwilini mwa mgonjwa: kuchelewa kuingizwa katika chumba cha mahututi kwa sababu ya uhaba wa vifaa na nafasi. Aliyesubiri zaidi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa.

Wahudumu nao walikuwa wachache. Hospitali ya kati katika orodha hiyo ilikuwa na madaktari bingwa wawili tu wa wagonjwa mahututi. Hata kile kipimo kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kuonyesha kiwango cha oksijeni katika damu hakikutosha kila mahali: kati ya vituo 57 vilivyojibu swali hilo, 49 ndivyo vilivyoweza kumpatia kila mgonjwa.

Kipimo hicho kina umuhimu mkubwa kwa sababu Corona hudanganya. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri na jamaa zake huku oksijeni ikishuka katika damu. Kwa kawaida kiwango huwa asilimia 95 au zaidi. Kikiwa chini ya 90, Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba ugonjwa umekuwa mkali.

Kuna pia huduma zilizowezekana lakini hazikufanyika. Kumlaza mgonjwa kifudifudi hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Kunasaidia sehemu za nyuma za mapafu kufunguka na kupokea hewa. Hata hivyo, ni takriban mgonjwa mmoja kati ya sita aliyelazwa hivyo. Kumgeuza mtu mzima aliyeunganishwa na mipira kunahitaji mikono ya wauguzi kadhaa, na baadaye mtu wa kumwangalia usiku kucha. Mashine za kusafisha damu kwa wenye figo zilizoshindwa zilipatikana katika karibu asilimia 68 ya vituo, lakini asilimia 10 tu ya wagonjwa ndio walizitumia.

Dawa pia ilikuwepo. Tarehe 16 mwezi wa sita 2020, watafiti wa Oxford nchini Uingereza walitangaza kuwa dexamethasone, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliopumulia mashine. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuleta faida yoyote. Kwa hiyo anayeitoa lazima kwanza ajue ni nani anayekosa hewa, na hapo kipimo cha kidoleni kinarudi tena.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haikuwa kati ya nchi hizo 10. Lakini hali haikuwa ngeni kwa wakaaji wake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Kufikia katikati ya 2021, wabunge zaidi ya 30 walikuwa wamefariki kwa Corona, na mwezi wa sita mwaka huo rais Félix Tshisekedi alikiri kwamba hospitali za mji mkuu zimelemewa.

Kwa aliyetoka hai katika chumba hicho, ambacho wengi hapa wanakiita reanimasio, safari huwa haijaisha. Wengi hurudi nyumbani wakiwa na misuli dhaifu, wakihema kwa kupanda ngazi chache, na wengine wakisahau mambo. Wanahitaji wiki au miezi ya mazoezi, na mara nyingi ni familia inayobeba kazi hiyo.

OMS ilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya Corona duniani tarehe 5 mwezi wa tano 2023. Mahitaji hayakuisha siku hiyo. Oksijeni ileile ndiyo inayomwokoa mtoto mwenye nimonia na mama aliyepata matatizo wakati wa kujifungua. Hospitali yenye chupa ya oksijeni iliyojaa, kipimo cha kidoleni kinachofanya kazi na muuguzi aliye macho saa nane za usiku inawahudumia hao leo, bila kungoja janga lingine.