Usione haya kuwa tofauti na wenzako

Je, umewahi kujisemesha ukiwa jikoni, kisha ukanyamaza ghafla ulipoona mtu? Usihofu, hujaugua.

Mama mmoja wa hapa Malindi alimleta kwangu mwanawe wa miaka sita. Mtoto huyo huunda vijahazi kwa makumbi ya nazi huku akiongea peke yake. Majirani walisema amepagawa na pepo. Nilimpima nikamwona mzima. Watoto wa umri huo hujisemesha ili kupanga kazi iliyo mbele yao. Sikumwandikia dawa, nilimwomba mama asimnyamazishe.

Hofu ya mama huyo ninaielewa. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine hupaka mvi zao rangi nyeusi ili wasishukiwe. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma ambacho kimewahifadhi waliokimbia makwao. Kwetu, kuonekana tofauti si mzaha.

Hata hivyo, mfano mwema tunao. Mnamo 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, huku akiwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa na Waingereza. Ngoma ya msiba ikawa wito wa kupigania haki! Walimkamata na kumpeleka uhamishoni mbali, magharibi mwa nchi. Mwaka uliofuata alitoroka, akarudi kwao. Angeogopa kuchekwa, tusingemjua leo.

Anayeogopa kuchekwa hutoa jibu lile lile la kila mtu. Kwa hiyo, weka daftari dogo. Andika humo kila wazo linalokujia, hata la kuchekesha, na usimwonyeshe mtu kabla halijakomaa. Tenga pia nusu saa kwa siku ya kufanya upendacho, iwe ni kuchora, kushona au kutunga mashairi.

Lakini tusichanganye mambo. Mwone daktari haraka ikiwa hulali kwa siku kadhaa, unasikia sauti zinazokuamuru, unashindwa kula au kufanya kazi, au unafikiria kujidhuru. Huo ni ugonjwa kama malaria, nao una matibabu.

Na wewe msomaji, ukimwona jirani ambaye mambo yake huyaelewi, msalimie kwanza. Huenda neno lako likamwokoa.